Ufa wa Zege Hauzibwi Ovyo



Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya udongo maneno hayo ni ya kweli kabisa. Lakini wahenga wetu hawakuwa na nondo ukutani. Siku hizi ghala, kiwanda, birika la maji, daraja na hata choo cha kambi vimejengwa kwa zege lenye vyuma ndani yake, na katika zege la namna hiyo ufa unaweza kuzibwa asubuhi, ukapakwa rangi jioni, na jengo likaendelea kuoza ndani kwa ndani bila mtu kujua. Tumeona afadhali tulizungumze jambo hili wazi, kwa sababu sisi ndio tunaokaa chini ya mazege hayo saa nane kwa siku. Mwenye jengo mara nyingi hukaa mahali pengine.

Jambo lenyewe limeletwa na wenzetu wa Ruziba. Kwa wasomaji wa mbali, Ruziba ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda Rumonge, ziwa Tanganyika likiwa upande wa magharibi na milima upande wa mashariki. Huko wanaishi wavuvi, waashi, wapakiaji, wachimba mchanga wa mitoni, na vibarua wengi wanaodamka alfajiri kwenda mjini kutafuta kazi. Msimu mmoja wa mvua, kipande cha zege kilibanduka kwenye kibaraza cha ghala moja, ambalo jina lake tunaliacha, kikaanguka mahali wapakiaji wanapokaa kula. Kilianguka saa nne asubuhi. Kingengoja hadi saa sita kingewakuta watu kumi na wawili na sahani zao. Kibaraza hicho kilikuwa na ufa kwa miaka mingi, na ulikuwa umekwisha kuzibwa kwa plasta mara tatu. Msimamizi alisema ni mvua tu. Wenzetu walikigeuza kile kipande wakaona upande wa ndani alama ya nondo, mfereji mwekundu, na kutu ikidondoka kama ugoro. Basi wakaja na swali: je, ufa ndio ulioleta kutu, au kutu ndiyo iliyoleta ufa?

Swali hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Tulikaa na waashi wa zamani, tukamwendea na injinia mmoja mstaafu mwenye subira, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na chuma chenyewe. Nondo, ambazo mafundi wetu wa Bujumbura huziita ferabeto, ukiziacha nje wakati wa mvua zinakuwa nyekundu kwa siku chache tu. Zikiwa ndani ya zege zuri hazipati kutu, na watu wengi wanadhani ni kwa sababu maji hayafiki. Sivyo. Zege lina vitundu vidogo mno na linanyonya maji. Kinachoilinda nondo ni chokaa. Saruji ikichanganywa na maji hutoa chokaa kali, ile ile inayochubua vidole vya mwashi ambaye hakupewa glavu. Katika ukali huo chuma hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayokataza kutu. Wakemia wana kipimo chao cha ukali huo: zege jipya huwa kati ya 12 na 13 au juu kidogo, na likishapoteza ukali hushuka chini ya 9. Hapo ngozi ya chuma hufa, na ikifa, maji kidogo na hewa kidogo vinatosha.

Ukali huo una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ukaa, ile tunayoitoa puani na inayotoka kwenye moshi wa magari. Inaingia polepole katika vitundu vya zege, inakutana na chokaa, inaigeuza kuwa kitu kama chaki. Safari yake ni ya kuchoka: kadiri inavyokwenda ndani ndivyo mwendo unavyopungua. Ikiwa imechukua miaka 10 kupita sentimeta 1, kupita sentimeta 2 itachukua miaka 40, wala si 20. Hesabu hiyo tunaomba muisome mara ya pili. Zege linaloifunika nondo, ambalo sisi tutaliita koti, ukiliongeza unene mara mbili, muda wa usalama unaongezeka mara nne. Na kinyume chake ni kichungu. Fundi akiharakishwa, nondo ikalala karibu na mbao za kofraji, koti likawa nusu ya lilivyoandikwa kwenye ramani, basi muda uliopotea si nusu. Ni robo tatu. Na yote hayo kwa kukosa vitofali vidogo vya saruji vya kuinulia nondo, ambavyo kibarua mmoja anaweza kuvitengeneza mia kwa asubuhi moja.

Adui wa pili ni chumvi. Huyu hasubiri chokaa iishe, anaitoboa ile ngozi ya chuma hata kama ukali bado upo. Ndiyo maana majengo ya pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, yanateswa kuliko ya kwetu, hasa pale mtu alipojenga kwa mchanga wa bahari usiooshwa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Lita moja ya maji ya ziwa Tanganyika haina hata gramu moja ya madini yote yaliyoyeyuka ndani yake. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba nondo za Ruziba zinaliwa na chumvi ya ziwa, usimsadiki. Lakini wenzetu wanaofanya kazi mahali pa kutia samaki chumvi, au pa kuhifadhi ngozi za ng'ombe kwa chumvi, au pa kuoshea kwa dawa ya klorini, wajue kwamba wao wana pwani yao ndani ya kiwanda.

Sasa tuje kwenye ufa. Ufa ni mlango. Hewa ukaa haina haja tena ya kutembea miaka 40, inapita mlangoni na kufika kwenye nondo mapema. Maji nayo yanapita humo humo. Mpaka hapo kila mtu anaelewa, na mtu angedhani kwamba ufa mpana ni hatari kubwa na ufa mwembamba ni hatari ndogo, basi. Wataalamu wa Ulaya walibishana sana juu ya hilo katika miaka ya 1970 na 1980. Walitengeneza boriti, wakazipasua kwa makusudi, wakaziacha nje kwa miaka, halafu wakazivunja kutazama nondo. Waliona kwamba mwanzoni nyufa pana zilianza kutu mapema zaidi. Lakini miaka ilipopita, tofauti kati ya pana na nyembamba ilipungua, na kilichoamua zaidi ni unene wa koti na ubora wa zege lililo kando ya ufa.

Kwa nini iwe hivyo? Kutu ni kazi ya umeme mdogo, kama wa betri. Kuna mahali ambapo chuma kinaliwa, na mahali pengine ambapo hewa inapokelewa ili kazi hiyo iendelee. Mahali pa kuliwa ni pale kwenye ufa. Mahali pa kupokea hewa ni nondo ile ile, huku na huku, ndani ya zege ambalo halina ufa. Zege hilo likiwa gumu, zito na nene, hewa haifiki vya kutosha na kutu ya kwenye ufa inakosa chakula. Likiwa bovu, la maji maji, lenye mashimo kama ya nzi, chakula kinaingia kila upande na kinatumika mahali pamoja. Hapo kipande kidogo cha nondo kinalipa kodi ya nondo nzima, na shimo linachimbika ndani huku pengine pote chuma kinang'aa. Fundi anayekwambia ufa wa nyuzi hauna neno, au ufa mpana ni mwisho wa jengo, wote wawili wametazama ufa na kusahau zege.

Lipo jambo ambalo ni kubwa kuliko upana, nalo ni njia ambayo ufa unaifuata. Ufa unaoikata nondo, yaani unaopita juu yake kama msalaba, unaigusa mahali padogo. Boriti nyingi zilizobeba mzigo zina nyufa za namna hiyo, nyembamba, na zimesimama salama. Kanuni za ujenzi za Ulaya zinakubali mpaka milimeta 0.3 kwa zege la kawaida linalopata unyevu, ambayo ni sawa na karatasi tatu za daftari zikiwekwa pamoja. Lakini ufa unaofuata nondo, unaokwenda sambamba nayo mita nzima au zaidi, huo hauna kipimo cha kusamehewa. Nondo imefunguliwa urefu wake wote. Tena, mara nyingi ufa wa namna hiyo umekuja nyuma ya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara 2 hata mara 6, na zege halina uwezo wa kutanuka. Linapasuka kufuata nondo.

Wenzetu wa Ruziba walipelekwa mpaka kwenye kibaraza chao na jibu hilo, wakatazama mabaki juu. Ufa ulikuwa umefuata nondo. Koti lilikuwa jembamba kuliko kidole cha mwisho. Basi pale kutu ilitangulia: koti jembamba, hewa ukaa ikafika mapema, kutu ikaanza, ufa ukafunguka, na ufa ulipofunguka maji yakaingia na kutu ikapata nguvu mpya. Na plasta ile mara tatu? Ilificha kazi yote hiyo.

Tena plasta ina hila nyingine ambayo wengi wetu hatukuijua. Ukibomoa kipande kilichooza, ukapiga saruji mpya juu ya nondo, pale ulipotengeneza chuma kinapata chokaa mpya na kutulia. Lakini nondo iliyo kando, katika zege la zamani, sasa ndiyo inakuwa mahali pa kuliwa, na ile uliyoitengeneza inasaidia kuilisha. Baada ya miaka michache kiraka kinabaki kizima na kutu inakizunguka kama pete. Kila aliyefanya kazi katika jengo la zamani ameona pete hizo. Ukarabati wa haki ni wa jasho: zege libomolewe mpaka nyuma ya nondo, sentimeta 2 hivi, lifuatwe mpaka chuma kisafi kionekane, chuma kisuguliwe mpaka king'ae, nondo iliyokondeana iongezewe nyingine, ndipo zege jipya liingie. Tena mzigo wa juu utegemezwe kwanza. Kazi hiyo si ya mpaka rangi.

Hali ya hewa yetu nayo ina mkono wake. Hewa ukaa hupenda zege lililokauka nusu, kwa sababu vitundu vikijaa maji haiwezi kupita. Kutu hupenda unyevu. Bujumbura tuna vyote kwa zamu: kuanzia Juni hadi Septemba kiangazi kinakula chokaa, na kuanzia Oktoba hadi Mei mvua zinakula chuma. Ziwa limeongeza lake. Lilipanda likaingia katika nyumba na maghala ya pwani mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, kisha likarudi nyuma. Watu wanaogopa sana nguzo iliyo ndani ya maji. Lakini iliyozama moja kwa moja ina nafuu, maana chini ya maji hewa ni haba. Panapooza zaidi ni pale panapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Kama ghala lenu lilifikiwa na ziwa, acheni miguu ya nguzo kwanza, tazameni ule mkanda wa kutoka magotini hadi kifuani ambako maji yalipanda na kushuka.

Wa mashambani wasiseme haya ni ya mjini. Birika za kuoshea kahawa ni za zege, na maji yanayotoka kwenye kahawa iliyochacha ni chachu inayolamba saruji mpaka kokoto zinatokeza. Mafuta ya mawese yakiharibika hufanya vivyo hivyo. Koti linakonda kila msimu, na ufa uliokuwa mbali na nondo unaikaribia. Mkiona ndani ya birika ule uso umekuwa mkwaruzo kama kisugulio cha miguu, tayari limepoteza sehemu ya koti lake.

Kuhusu madoa: jeupe ni chokaa iliyotolewa na maji, na penye ufa mwembamba chokaa hiyo wakati mwingine huufunga ufa wenyewe, jambo jema. Doa la kahawia ni kutu. Lakini mahali palipojaa maji na hewa ni kidogo, chuma kinaweza kuliwa bila doa na bila kupasua zege. Mwaka 2018, tarehe 14 Agosti, daraja la Genoa nchini Italia, lililofunguliwa mwaka 1967, lilikatika na watu 43 wakafa. Kamba zake za chuma zilikuwa zimevikwa zege ili zisipate kutu, na zege hilo hilo likazuia macho ya watu kuona kutu ilipoingia. Hao ni Waitaliano wenye mainjinia wengi kuliko sisi.

Basi kazi yetu iko wapi? Iko mwanzo na mwisho wa zege. Mwanzo, sisi ndio tunaolikoroga. Mfuko wa kilo 50 wa saruji, ambayo mtaani ni sima, unatosheka na lita 25 za maji, tena mchanga uliolowa umekwisha kuleta sehemu yake. Jua likichoma na msimamizi akipiga kelele, tunaongeza ndoo ili sepetu iteleze. Maji yale ya ziada yanakauka na kuacha vitundu, na vitundu ndivyo njia ya hewa ukaa. Zege likishamwagwa linahitaji kunyweshwa maji siku 7, nalo halijui Jumapili. Lakini kibarua wa Jumapili halipwi, kwa hiyo Jumapili zege linakauka na kupasuka likiwa bado changa. Tumewaambia waajiri katika mazungumzo, na tutawaambia tena, kwamba mshahara wa mtu mmoja mwenye mpira wa maji kwa siku 7 ni mdogo kuliko kibaraza kipya. Wengine wamecheka. Wawili wamekubali.

Mwisho wake, sisi ndio tunaolitazama kila siku. Kitu cha kwanza ni kalamu ya risasi. Weka alama pale ufa unapoishia, andika tarehe. Ufa ukivuka alama yako unakua, na hapo huna ubishi na mtu. Chora na njia yake: unafuata nondo au unaikata? Kipande cha chini kinachoweza kufikiwa kigongwe kwa nyundo ndogo, ukiwa umesimama pembeni na kofia kichwani: zege zima hulia kwa sauti kali, lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Andikeni barua kwa mwajiri, nakala moja ibaki kwa mwakilishi wa wafanyakazi ikiwa na sahihi ya aliyeipokea, na asipojibu nakala iende kwa Mkaguzi wa Kazi. Mtakapodai mtaalamu, dai lenu liwe kwamba afungue zege kidogo na kulinyunyizia ile dawa ya maabara ambayo hugeuza rangi kuwa ya waridi pale penye chokaa kali na kubaki bila rangi pale ilipokwisha. Ni kazi ya dakika chache na inamaliza maneno mengi.

Kuna wanaouliza, tukikataa kuingia chini ya zege lililopasuka, nani atatutetea? Kumbukeni Rana Plaza huko Bangladesh. Nyufa zile hazikuwa za kutu, zilikuwa za jengo lililozidishiwa ghorofa na mashine. Lakini zilionekana tarehe 23 Aprili 2013, benki na maduka ya chini yakafungwa, na washonaji wakaamriwa kurudi kazini kesho yake. Walikufa watu 1,134. Mwaka 2022 mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ambalo Burundi ni mwanachama wake tangu 1963, uliingiza mahali pa kazi penye usalama na afya katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Na Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa ya karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe. Alama ya kalamu yenye tarehe ni sababu ya haki.

Kule Ruziba kibaraza kimevunjwa chote, na wapakiaji wanakula chini ya mwembe mpaka kingine kijengwe. Wenzetu wameweka alama kwenye nyufa kumi na moja za ghala lile na la jirani. Nne zimevuka alama, na mbili kati ya hizo zinafuata nondo. Barua imepokelewa na kutiwa sahihi. Alama zinasomwa kila mwisho wa mwezi, siku ya malipo, kwa sababu siku hiyo hakuna anayekosa kuja.